Anacheua, haongezeki: kisa cha mtoto wa wiki 10 kutoka shamba, Pemba

Mtoto wa kike wa wiki 10 analetwa kituo cha afya, kaskazini ya Pemba, siku ya chanjo. Kabebwa na bibi yake. Mama, mwenye miaka 21, yuko nyuma na mkoba wa winda na kanga tatu zilizorowa. Ni uzazi wake wa kwanza, na kama ilivyo desturi alirudi kwao kujifungulia, akakaa arubaini yake, na ilipokwisha hakuondoka kwa sababu karafuu zilikuwa zimeshaanza. Lalamiko ni moja, na bibi ndiye anayelisema: "Kila akinyonya anacheua. Hakuna kinachokaa tumboni humo."

Mtoto huyu ni wa mfano. Hana nyumba mtu atakayoijua, na tarakimu zake zimepangwa ili hesabu ifuatike.

Kadi inasema hivi: kuzaliwa kilo 3.1, miezi imetimia. Wiki 6 kilo 4.1, leo, wiki 10, kilo 4.3.

Hapo pana makosa mawili yanayofanyika sana. La kwanza ni kumwambia mama "watoto wote hucheua" kisha kumrudisha nyumbani. La pili ni kumwandikia dawa ya kupunguza asidi ya tumbo. Yote mawili yanatokana na kudhani kuwa kucheua na uzito ni jambo moja. Huenda yakawa moja, lakini mara nyingi siyo. Kucheua kunaonekana, kunanuka, kunarowesha kanga, basi ndiko kunakobeba lawama. Maziwa ambayo hayakuingia hayaachi doa.

Hesabu kwanza

Kutoka wiki 6 hadi wiki 10 ni siku 28. Gramu 200 kwa siku 28 ni kama gramu 7 kwa siku. Mtoto wa umri huu hutarajiwa kuongeza gramu 20 hadi 30 kwa siku mpaka miezi 3, ndipo mwendo unapoanza kupungua. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, mtoto wa kike wa miezi 2 aliye katikati ana kilo 5.1, na mstari wa chini, ule wa −2, ambao aliye chini yake huhesabiwa kuwa na uzito pungufu, uko kwenye kilo 3.9. Akifika miezi 3 katikati ni 5.8 na mstari wa chini ni 4.5. Kwa hiyo leo bado yuko juu ya mstari, na mwenye haraka atamwandika "mzuri" aite anayefuata. Sasa mpe wiki 3 nyengine kwa mwendo ule ule: 4.3 ujumlishe gramu 150 ni kilo 4.45. Atatimiza miezi 3 akiwa chini ya mstari, bila ya siku hata moja ya kuonekana mgonjwa.

Kabla ya kuiamini tarakimu, iamini mizani. Mizani ya kuning'inia ya kilo 25 ina alama kila gramu 100, na ukiisoma mtoto akirusha miguu unaweza kukosea alama moja huku au kule. Gramu 200 zote zinaweza kuwa za mikono ya mpimaji. Hapa mtoto anapimwa upya kwenye mizani ya kielektroniki ya gramu 10, mtupu, bila winda wala shanga: kilo 4.32. Halafu linaulizwa swali ambalo husahaulika: wiki ya 6 alipimwa vipi? Mama anakumbuka alikuwa na fulana na winda. Basi ile 4.1 huenda ilikuwa 4.0. Hesabu mpya ni kama gramu 320 kwa siku 28, gramu 11 kwa siku. Afadhali kidogo, lakini bado ni nusu ya kinachotakiwa. Wasiwasi unabaki pale pale.

Mzunguko wa mkono, sehemu ya juu, unapimwa pia. Kwa watoto wa wiki 6 hadi miezi 6, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unahesabu chini ya milimita 110 kuwa ni hatari. Huyu ana milimita 114. Kuna muda wa kufanya kazi nyumbani, lakini si muda wa kusubiri mwezi.

Kinachotoka ni kiasi gani?

Mama akiulizwa anacheua kiasi gani, anajibu "yote". Hadanganyi, anasema alichokiona. Mhudumu anachukua kanga kavu, anaikunjua mezani, anamimina kijiko kimoja cha chai cha maji, yaani mililita 5. Maji yanatambaa mpaka doa linakuwa pana kama kiganja. Anamimina kijiko cha chakula, mililita 15, pembeni yake. Doa la pili linaonekana kama mtoto kamwaga kikombe kizima. "Lipi linafanana na lake?" Mama anatazama, anaonesha la kwanza, kisha anasema mara nyengine ni kubwa kidogo kuliko hilo.

Tukisema vijiko viwili vya chai kila anaponyonya, na ananyonya mara 6, hiyo ni mililita 60 kwa siku. Mtoto wa kilo 4.3 anahitaji kama mililita 150 kwa kila kilo, yaani karibu mililita 645. Tena katika hizo 60 mna mate na majimaji ya tumbo, si maziwa matupu. Hasara hiyo peke yake haimshushi mtoto mpaka gramu 11.

Kucheua kwenyewe kuna sababu nyepesi. Pale umio unapoingia kwenye mfuko wa tumbo pana msuli wa mviringo unaofunga kama mdomo wa mfuko wa kamba. Kwa mtoto mchanga msuli huo hulegea mara kwa mara bila mpango, umio ni mfupi, chakula chote ni maji, na muda mwingi kalala chali. Msuli ukifunguka, kilichomo kinarudi. Kwa kawaida huanza kabla ya wiki 8, na karibu watoto 9 kati ya 10 huwa wameacha wakifika mwaka mmoja. Huyu alianza wiki ya 4. Kinachotoka ni cheupe, mara nyengine kimeganda kama mtindi, kinateremka mdomoni bila nguvu, na mtoto hakunji uso wala hapindi mgongo.

Rangi na nguvu ndivyo vya kuuliza kwa makini kuliko vyote. Matapishi ya kijani, kama maji ya mchicha uliopondwa, kwa mtoto wa umri huu ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama anacheka. Huenda utumbo umejisokota, na huko saa chache zinaamua. Matapishi yanayoruka mbali kila baada ya kunyonya, mtoto akabaki na njaa kali na kutaka tena, hasa kati ya wiki ya 2 na ya 8, na hasa akiwa mvulana, yanaashiria kuwa njia ya kutokea kwenye mfuko wa tumbo imekaza. Hapo panatakiwa picha ya ultrasaundi na upasuaji, na dawa ya asidi haitafanya kitu. Damu, tumbo lililovimba na kukaza, utosi uliotuna, homa ya 37.5 na zaidi, kulegea, kukataa ziwa: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoitwa kucheua. Kwa huyu vyote vimeulizwa na kutazamwa, havipo.

Kinachoingia ni kiasi gani?

Ukimuuliza mama wa shamba "mtoto ananyonya mara ngapi kwa siku" utapata "mara nyingi". Ukimuuliza kwa vipindi vya sala, siku nzima inajipanga yenyewe. Jana: kabla ya alfajiri, asubuhi kabla ya kwenda shamba, aliporudi baada ya adhuhuri, baada ya alasiri, magharibi, baada ya isha. Mara 6. Wa umri huu anatarajiwa mara 8 hadi 12. Kati ya isha na alfajiri hakuna kitu.

Hapo bibi anaingia kwenye kisa, na namna ya kumwingiza ina adabu yake. Mhudumu ameshamwamkia alipofika: "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." Sasa hamuulizi "mnampa maji?", kwani swali hilo lina jibu moja tu, "hapana". Anauliza: "Bibi, usiku akilia mnamtulizaje?"

"Usiku analala na mimi. Mamake anachambua karafuu mpaka saa 5, amechoka. Akilia nampa maji yake kidogo, analala. Na dawa ya chango asubuhi na usiku, maana tumbo linamsokota."

"Na cha kumshibisha?"

"Nilimwanzishia uji mwepesi wiki mbili hizi. Mzito kidogo kuliko maziwa, asicheue."

Kwa maneno hayo kisa kimefunguka. Mtoto anapata maji ya kuchemsha, kama mililita 60 kwa usiku, dawa ya chupa ya chango ile ya dukani, wengine huiita graipwota, vijiko viwili, na uji wa unga wa mchele wenye sukari kidogo kwenye chupa, kama mililita 80 asubuhi mama akiwa shamba.

Bibi hakukosea kufikiri. Ni kweli kwamba kukifanya chakula kiwe kizito zaidi hupunguza kucheua kwa watoto wanaolishwa maziwa ya kopo, na madaktari hufanya hivyo. Lakini tazama kilichomo. Kijiko cha chakula cha unga, kama gramu 10, kwenye mililita 200 za maji, kinatoa kama kalori 18 kwa kila mililita 100. Tia kijiko cha chai cha sukari, unafika kama 27. Maziwa ya mama yana 65 hadi 70. Kila chupa ya uji inachukua nafasi ya kitu chenye nguvu zaidi ya mara mbili yake. Na maji hayana kalori hata moja. Maziwa ya mama yenyewe ni maji kwa karibu asilimia 88, yanatosha hata kwenye joto la kaskazi.

Maji hayo yalificha jambo jengine. Winda zilizorowa zilikuwa 7 kwa siku, na winda 6 au zaidi huchukuliwa kuwa ni dalili kwamba mtoto anapata maziwa ya kutosha. Kipimo hicho ni kizuri kwa mtoto anayenyonya peke yake. Kwa anayepewa maji, kinahesabu maji.

Sasa mduara unaonekana wote. Mtoto alicheua wiki ya 4, mama akaogopa. Akaambiwa ananyonya sana, ampunguzie. Akaanza kumtoa kwenye ziwa baada ya dakika chache. Mtoto akalia kwa njaa, kilio kikaitwa chango, akapewa dawa na maji, akalala tumbo likiwa limejaa kitu kisicho chakula. Usiku maziwa hayakunyonywa, na ziwa lisilotolewa maziwa hupunguza kutengeneza. Karafuu zilipoanza, mama akawa hayupo asubuhi. Uji ukaingia. Na kucheua kukaendelea, kwa sababu hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachogusa ule msuli.

Kumtazama akinyonya

Uchunguzi wa mwili ni mfupi na haukuonesha kitu, lakini lazima ufanywe kwa mpango, kwani mtoto asiyeongezeka anaweza kuwa na ugonjwa usiopiga kelele. Pumzi zinahesabiwa dakika nzima akiwa ametulia: 44 (60 na zaidi ingekuwa shida kwa wa chini ya miezi 2, na 50 na zaidi kwa wa umri huu). Hatoki jasho la kipaji akinyonya wala midomo haigeuki buluu, moyo unasikilizwa. Mdomoni hakuna utando mweupe, ulimi unatoka mpaka kwenye fizi, na kidole safi kinapitishwa kwenye kaakaa mpaka nyuma, kwani mwanya wa ndani hauonekani kwa macho. Macho si ya manjano. Ngozi ya tumbo ikibanwa inarudi mara moja. Kadi ya mama inatazamwa majibu ya vipimo vya ujauzito, na inaulizwa kama kuna mwenye kikohozi cha muda mrefu nyumbani. Mkojo nao unapimwa kwa kuukinga katikati ya mkondo mtoto anapokojoa, si kwa mfuko wa kubandika, ambao huchafuka kirahisi. Maambukizi ya mkojo ni sababu ya kimya ya kutoongezeka, na mara nyengine dalili yake pekee ni kutapika. Majibu ni safi.

Halafu anapimwa akiwa na winda aliyonayo, ananyonyeshwa, na anapimwa tena na winda ile ile. Winda isibadilishwe katikati, hata ikirowa.

Mama anamshika kama alivyozoea: kichwa kimegeuka, mwili umetazama juu, chuchu imeingia lakini weusi wa chini ya chuchu wote uko nje. Shavu linaingia ndani kwa kila mvuto, na mlio wa ulimi unasikika. Huko ni kunyonya hewa pamoja na maziwa, na hewa ikitoka inatoka na maziwa. Baada ya dakika 5 mama anamtoa, kwa mazoea. Mizani: gramu 40.

Anawekwa upya. Tumbo la mtoto kwa tumbo la mama, pua usawa wa chuchu, kusubiri afungue mdomo kama anayepiga mwayo, ndipo anavutwa haraka kwenye ziwa, si ziwa kupelekwa kwake. Sasa kidevu kimegusa ziwa, mdomo wa chini umebinuka nje, weusi unaonekana zaidi juu kuliko chini. Mlio umekwisha. Anavuta mara mbili, anameza, anapumzika, anavuta. Akianza kusinzia mama anabana ziwa taratibu kwa kiganja, mtoto anameza tena. Anaachia mwenyewe baada ya dakika 14, anapewa la pili, anachukua dakika 6. Mizani: gramu 50 zaidi. Jumla 90 kwa mkao mmoja.

Pimo moja kama hili halitoi hukumu, kwani mtoto yule yule anaweza kuchukua 50 asubuhi na 110 alasiri. Lakini limejibu lililokuwa likiulizwa: maziwa yapo, na mtoto anaweza kuyatoa. Alikuwa hapewi muda.

Na ndiyo, alicheua. Doa la kiganja, kwenye bega la bibi. Mama akatazama mizani badala ya doa.

Mpango wa siku 7

Maji, dawa ya chango na uji vimesimamishwa siku hiyo hiyo, vyote vitatu, si kidogo kidogo. Bibi aliuliza je, asali? Hapana, mpaka apite mwaka mmoja. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaotoa sumu ya kulegeza misuli kwa mtoto mchanga. Kuhusu ile dawa ya chupa, maneno mengi hayakuhitajika. Asili yake ni Uingereza ya karne ya 19, na chupa za mwanzo zilitiwa pombe. Nyingi za leo hazina, lakini sukari zinayo, na hakuna kinachothibitisha kwamba zinatibu kitu. Bibi aliposikia neno pombe aliiomba chupa asome mwenyewe.

Kunyonya kunapanda mpaka mara 10. Kuhesabu kumefanywa rahisi: kikombe kitupu karibu na kitanda, na kila anaponyonya inatiwa punje moja ya karafuu kavu. Kila baada ya alfajiri zinahesabiwa. Zikiwa chini ya 8, siku inayofuata inaanza mapema. Mbili kati ya hizo lazima ziwe za usiku, baina ya saa 5 na alfajiri, kwani homoni inayotengeneza maziwa huwa juu zaidi usiku. Hilo linamaanisha mtoto anarudi kulala chumbani kwa mama, na kuchambua karafuu kunaishia saa 3 usiku kwa wiki mbili. Hapo palikuwa pagumu kuliko dawa yoyote. Karafuu zilizochumwa hazingojei. Zikikaa kwenye lundo bila kuchambuliwa na kuanikwa zinavunda na bei inashuka. Ilikubaliwa wifi achukue pishi za mama za usiku, na mama achambue mchana akiwa amekaa jamvini na mtoto karibu.

Akilazimika kwenda shamba, anakwenda naye, au anakamua kabla ya kuondoka. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa mahali pa baridi kivulini yasizidi saa 4, na kwenye joto kali muda huo upunguzwe. Yanatolewa kwa kikombe kidogo kilichoinamishwa mdomoni mtoto akiwa amekaa, ayalambe mwenyewe, yasimiminwe. Chupa imewekwa kando: ni ngumu kusafisha na inamfundisha kuvuta vengine. Kwa wiki hii ya kwanza mama anakamua pia dakika 10 baada ya kunyonyesha, mara 3 kwa siku, na kinachopatikana, mililita 20 hadi 30, kinamfuata mtoto kwa kikombe.

Kila mkao ni ziwa moja mpaka lilegee na mtoto aachie, ndipo la pili. Kumhamisha mapema kunampa maziwa mepesi ya mwanzo ya kila upande na kumkosesha mazito ya mwisho.

Baada ya kunyonya kazi ni ya bibi: dakika 20 hadi 30 mtoto awe wima begani, bila kurushwarushwa wala kubanwa tumbo. Hii si kumpoza bibi. Mikono iliyokuwa imeshika kijiko imepewa kitu chenye faida, na nyumba haina mvutano. Kulala ni chali, kwenye godoro la sawa, chini ya chandarua, bila mto wala kanga ya kuinua kichwa. Kumlaza kifudifudi ili asicheue kunaongeza hatari ya kufa ghafla usingizini. Mtoto mzima anayecheua akiwa chali humeza au hukohoa. Hapaliwi kwa urahisi kama wanavyohofia watu.

Mama ale, anywe anaposikia kiu. Supu ya pweza na uji wa pilipili manga si vibaya hata kidogo, na mzazi akila vizuri hupata nguvu. Ila maziwa hayaongezwi na pweza, yanaongezwa na kutolewa.

Dawa ya asidi haikuandikwa. Dawa za kundi la omeprazole hupunguza ukali wa kinachorudi, hazikizuii kurudi, na zikipewa mtoto anayecheua tu bila maumivu zinamfungulia mlango wa kuharisha na nimonia, kwani asidi ya tumbo ni mlinzi. Metoclopramide, dawa ya kuzuia kutapika ambayo bado watu huiomba dukani, ilizuiwa na wadhibiti wa dawa wa Ulaya mwaka 2013 kwa walio chini ya mwaka mmoja, kwa madhara yake kwenye mishipa ya fahamu. Dawa zina nafasi kwa mtoto anayekataa kunyonya kwa maumivu, anayetapika damu, au ambaye vipimo vimeonesha kidonda cha umio. Zikiandikwa mapema zinaficha: uzito ukiendelea kukwama, nyumba inasema "tunampa dawa", na wiki 3 zinapotea.

Siku ya 7 iliwekewa kiwango kabla ya kuachana, ili kisibuniwe baadaye: gramu 140 au zaidi, yaani 20 kwa siku, mpango unaendelea. Chini ya hapo, siku hiyo hiyo rufaa kwa daktari wa watoto, Wete au Chake Chake, au Abdalla Mzee kwa walio upande wa Mkoani, kwa vipimo vya damu na kuangaliwa moyo upya, na kufikiriwa aleji ya protini ya maziwa ya ng'ombe, ambayo inaweza kupita kwenye maziwa ya mama na mara nyingi huja na vipele au damu kwenye choo. Maziwa ya kopo ya nyongeza yangejadiliwa hapo, kwa kipimo kilichoandikwa, yasiongezwe maji ili yadumu.

Mizani ile ile, mtupu, saa za asubuhi:

Siku ya 0: kilo 4.32
Siku ya 7: kilo 4.53, gramu 30 kwa siku
Siku ya 14: kilo 4.77, gramu 34 kwa siku
Siku ya 28, chanjo ya wiki 14: kilo 5.21, gramu 31 kwa siku

Kikombe cha karafuu kilikuwa na punje 9, 10, 11. Siku ya 3 kilikuwa na 6: mvua ilitishia na karafuu zilikuwa uwanjani, kila mkono ukaitwa kuanua. Siku ya 4 zikawa 12. Winda ziliteremka siku mbili za mwanzo mpaka 5, maji yalipoachwa, na mama akapata khofu. Siku ya 5 zikawa 7, safari hii za maziwa.

Gramu 30 na zaidi ni mwendo wa mtoto anayerudisha alichokosa, na haudumu. Kuanzia mwezi wa 4, 15 hadi 20 kwa siku zitatosha, na mama ameambiwa mapema, asije akaona mstari unapinda akarudi kwenye uji. Uji wake utafika akitimiza miezi 6, mzito, wa kijiko na bakuli, wenye samaki au dagaa waliopondwa vizuri na mafuta kidogo.

Wiki ya 14 bibi alikuja na kanga tatu kwenye mkoba kama mwanzo, zimerowa zote. Alipoulizwa anacheua mara ngapi sasa, alisema zaidi kuliko zamani, maana ananyonya zaidi, akamweka mtoto begani na kujipanga foleni ya mizani.